Mkandarasi Siwema na Kosa la Uchuro

Anayetaka kujua nchi ya Usalamani iko upande gani asinisumbue mimi. Waliofika huko hawakubaliani hata juu ya upande linakochomoza jua lake. Siwema binti Shamte, ambaye safari hii ni yake, alipoulizwa njia alisema tu kwamba alitoka kwao na mafundi kumi na akarudi na mafundi kumi, na hilo la pili ndilo la kuulizwa. Basi tuanzie alipokwisha kufika.

Wakazi wa mji mkuu walikuwa wamemwita awajengee mnara wa maji. Kisima chao kilikuwa bondeni, maji yake ya chumvichumvi, na kila nyumba ilikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake maishani ilikuwa kushuka na ndoo tupu na kupanda na ndoo iliyojaa. Mnara ulitakiwa uwe mrefu kama nyumba sita zilizopandana, na tangi juu yake, ili maji matamu ya chemchemi ya ng'ambo yafike jikoni kwa kila mtu. Mafundi wenyeji walikuwepo, tena wengi, lakini kwa miaka tisa hakuna hata mmoja aliyekubali kupanda zaidi ya ngazi ya tatu. Sababu yake tutaiona.

Siwema alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye sauti iliyozoea kuita watu walio ghorofani. Kuta zake zilisifiwa kwa unyoofu, na timazi lake la kupimia kuta alilitembeza mkobani kama wengine wanavyotembeza tasbihi. Mafundi wake walimjua kwa jambo jingine pia, ambalo hawakulitaja mbele yake. Mtu akianza kupanda jukwaa, Siwema hugeuza uso. Hutazama mchanga, hutazama karai, huanza kuhesabu nondo alizokwisha kuzihesabu, mpaka asikie sauti kutoka juu ikisema, "Tumefika."

Ni kwa sababu ya kaka yake, Kitwana, aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ghala la nafaka miaka kumi na mmoja nyuma, katika kazi aliyoipata Siwema. Bima ilikuwepo. Siwema aliichagua mwenyewe, kwa wakala mmoja mpole aliyemletea na kalenda ya ukutani, na hakuisoma, kwa sababu ilikuwa ndefu na kalenda ilikuwa nzuri. Baada ya maziko ndipo alipoifungua. Ukuta ulikuwa umekingwa. Saruji ilikuwa imekingwa, na uzio wa jirani pia ulikuwa umekingwa. Kitwana hakuwamo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Siwema hakuuziba ufa wake, na ukuta alioujenga ulikuwa wa kaburi. Pale kaburini aliapa kwamba katika kazi yake hapandi tena mtu mpaka yeye aone kwa macho yake mahali jina la mtu huyo lilipoandikwa. Na sasa mkuu wake wa majukwaa alikuwa Makata, mtoto wa Kitwana, mwanamume wa miaka thelathini aliyepanda mirunda ya jukwaa kama anapanda kitandani.

Tuje kwa desturi za nchi. Watu wa Usalamani hawaulizani hali wala habari za nyumbani. Mmoja husema, "Umefunikwa?" na mwingine hujibu, "Nimefunikwa," na kila mmoja hugusa bomba la ngozi linaloning'inia shingoni mwake. Ndani ya bomba mna hati ya kinga, na mdomo wa bomba umezibwa kwa lakiri nyekundu yenye muhuri. Mtoto huvalishwa ya kwake akianza kutambaa. Mfanyabiashara hana ruhusa ya kufungua mlango bila ya kwake, na mjenzi haruhusiwi kuweka hata jiwe moja.

Hati hizo huuzwa katika Mtaa wa Vifuniko, na huuzwa kwa mizani. Muuza vitumbua huvaa hati ya ratili moja, kinyozi ratili mbili kwa ajili ya wembe, na matajiri hutembea wameinama, kidevu kifuani, huku watu wakiwapisha njia na kusema, "Huyo kafunikwa barabara." Wenye shingo zilizopinda kwa uzito huo walikuwa wengi mjini, na maradhi hayo, kama ilivyokuja kujulikana, hayakuwamo katika hati yoyote.

Siwema aliingia duka la Bwana Tulizo, lililosifiwa kuliko yote. Tulizo alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye kofia ya kazi nzuri na sauti laini ya kuuguzia.

"Karibu, mama. Umefunikwa?"

"Bado. Ndiyo nimekuja."

"Bado! Maskini!" Akamsogezea kiti haraka. "Kaa, mama, kaa. Unajenga nini?"

"Mnara wa maji."

"Basi wewe ni mtu wa ratili arobaini."

"Kwa nini arobaini?"

"Mnara si mrefu, mama?"

Siwema alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. "Haya," akasema. "Fundi wangu akianguka, itakuwaje?"

Tulizo aliziba masikio. Bibi mmoja aliyekuwa akipimiwa hati ya mjukuu wake alijitemea mate kifuani, na mwanamume aliyesimama mlangoni akasema, "Shindwe!"

"Mama, usituchurie," alisema Tulizo kwa kunong'ona. "Hapa ni dukani."

"Nimeuliza tu. Na ukuta ukimlalia mpita njia? Na mashine ya zege ikiibwa tukiwa kazini? Na mchoro wenyewe ukiwa na kosa, mnara ukasimama mshazari?"

Kwa swali la mwisho duka lilikuwa tupu, na Tulizo amekwisha kufunga dirisha. Ndipo alipomweleza mgeni wake kosa kubwa kuliko yote katika nchi ile, kubwa kuliko wizi. Liliitwa kosa la uchuro. Mababu wa Usalamani waliusikia msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nao badala ya kuuacha uwe msemo wakaufanya sheria. Kulitaja balaa ni kulialika. Na kwa kuwa hati ya kinga haina budi kutaja mabalaa, basi hufungwa siku inapoandikwa, na ni marufuku kwa mwenyewe kuifungua. Makarani huinakili huku karatasi imefunikwa kitambaa, mstari mmoja baada ya mwingine, asiwepo hata mmoja wa kuijua yote. Balaa likishatokea, Baraza la Mihuri huifungua nyuma ya pazia, na kutoka hapo Baraza ndilo linalosema.

"Sasa nitajuaje kama yaliyomo yanaifaa kazi yangu?" aliuliza Siwema. "Kinyozi ana hatari zake, mimi nina zangu."

"Vyote vimo. Uzito wote huo unadhani ni wa nini?"

"Wewe umeisoma?"

"Mimi?" Tulizo aliweka mkono kifuani. "Mimi ni mtu na heshima zangu."

"Kwetu hii tunaiita kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Kwetu, mama, gunia ndilo tunalonunua."

Alitoka bila hati, na jioni hiyohiyo mjumbe wa Baraza akamletea amri. Alipewa siku saba. Siku ya saba, adhuhuri, ama awe na hati shingoni mbele ya watu, ama abebe mirunda yake na mafundi wake na asionekane tena.

Siwema na mafundi wake walikuwa wamepanga kwa mjane mmoja, Bi Ngoja, ambaye peke yake katika mji mzima hakuvaa chochote shingoni. Majirani hawakumwamkia, kwa sababu salamu yao haikuwa na jibu kwake. Mumewe, Mshindo, alikuwa mwashi hodari. Miaka tisa iliyopita alianguka kutoka ukuta wa soko akafa, na tangu siku hiyo wajenzi wa mji hawapandi. Hati yake ya ratili ishirini ilichukuliwa na Baraza, na Baraza lilikuwa bado linaijadili.

"Miaka tisa wanajadili nini?" aliuliza Siwema.

"Twende ukasikie mwenyewe," alisema Bi Ngoja. "Mimi nikikusimulia utadhani nimechanganyikiwa. Kesi yetu husikilizwa kila Jumatano."

Jumatano wakaenda. Baraza lilikuwa ukumbi wa mawe wenye dirisha moja kubwa lililotazama uwanja, na Siwema, kwa mazoea tu, aliona kwamba ukuta wake wa kulia umeinama karibu shubiri moja. Mbele aliketi Mwenye Mihuri, mzee aliyevaa bomba kubwa kiasi cha kuhitaji meza yake ndogo. Wajumbe walikaa pande mbili, nao walijadiliana kwa adabu kubwa.

Mjumbe wa kulia alisema hati inamkinga mfanyakazi awapo kazini. Kazi ya marehemu ilikuwa jukwaani. Marehemu alifia ardhini, mahali ambapo siku hiyo hapakuwa na kazi yoyote. Kwa hiyo aliyekufa hakuwa mfanyakazi.

Mjumbe wa kushoto akasimama na kusema kwamba, kwa heshima zote, marehemu aliliacha jukwaa akiwa mfanyakazi.

"Ni kweli," alijibu wa kulia, "lakini wakati anaondoka jukwaani alikuwa mzima wa afya. Mtu mzima wa afya hana dai."

Mjumbe wa tatu akauliza juu ya muda ule wa katikati, mtu akiwa hewani. Hapo ukumbi mzima uliguna kwa heshima, kwa maana hilo ndilo swali lililowachukua miaka tisa. Mmoja alishikilia kwamba hewani hakuna mwajiri. Mwingine alisema mwajiri yupo ila mahali hapajulikani. Kamati ilikuwa imekwisha kuundwa, nayo siku hiyo ikatoa taarifa: ilikuwa imedondosha gunia la mchanga kutoka ukuta wa soko mara arobaini, na mara zote gunia lilikuwa salama mpaka dakika ya mwisho. Mwenye Mihuri aliishukuru kamati na kuahirisha shauri hadi Jumatano ijayo.

Siwema aliikalia mikono yake. Alikuwa na hasira ambayo hakuwa nayo tangu siku ya kaburi, na hasira hiyo ilimchanganya, kwa sababu nusu yake ilikuwa juu yake mwenyewe. Kando yake Bi Ngoja alikuwa ameketi wima, mikono magotini, macho kwa Mwenye Mihuri.

"Umezoea?" Siwema alimwuliza walipotoka.

"Sijazoea hata siku moja. Nakuja ili wao wasizoee."

Siku ya sita Makata alimfuata shangazi yake uwanjani, mahali mirunda ilipolundikwa. Alikuwa na maneno, na kwa jinsi alivyokuwa anaikagua kamba isiyohitaji kukaguliwa, Siwema alijua ni maneno gani.

"Shangazi, tununue tu hiyo ratili arobaini. Tuivae, tupande, tumalize, tuondoke zetu. Mimi sianguki."

"Baba yako alisema hivyohivyo."

"Baba ni baba. Mimi nina watoto watatu kule wanaongoja nirudi na kitu."

"Hao ndio ninaowawaza."

"Na tukifukuzwa, shangazi, watakula huko kuwaza kwako?"

Makata hakuwa na adabu mbaya, alikuwa amesema kweli tu, na kweli hiyo ilimchoma Siwema. Angeweza kufanya kama nchi nzima inavyofanya: kununua, kuvaa, kugeuza uso. Kugeuza uso alikuwa anakujua sana. Alikaa juu ya mirunda mpaka jua likamfikia miguuni, kisha akainuka, akapangusa sketi, akaenda kwa Bwana Tulizo.

"Nipimie arobaini," alisema.

Tulizo karibu alie kwa furaha.

Habari ilienea kwamba mgeni mkaidi amekubali kufunikwa, na siku ya saba uwanja ulijaa. Bomba lilibebwa na watu wawili. Mwenye Mihuri alishuka ngazi za Baraza, akasema maneno ya desturi kuhusu utulivu wa moyo, kisha akanyanyua mkanda amvalishe. Siwema alimzuia kwa kiganja. Akatoa mwiko wa kujengea mkobani, akapiga lakiri pigo moja, nayo ikaruka vipandevipande hadi kwenye viatu vya mzee.

Watu walipiga yowe. Akina mama waliwafunika watoto nyuso. Siwema alikuwa amekwisha kuvuta karatasi na kuanza kusoma kwa sauti yake ile ya ghorofani.

"'Mnara umekingwa, baada ya kukamilika na kukaa miaka miwili bila kutikisika.'"

Yowe likapungua kidogo.

"'Zana zimekingwa, zikiwa zimefungiwa stoo wala hakuna anayezitumia. Mpita njia amekingwa, ilimradi hapiti.'" Akageuza ukurasa. "'Fundi amekingwa, wakati wote miguu yake miwili iko ardhini.'"

Sasa watu walikuwa wanasogea karibu. Siwema alifunua kurasa nyingine, na nyingine, akizidondosha miguuni pake. "Hizi zilizobaki," alisema, "karibu ratili thelathini na tisa, ni salamu. Na hapa mwisho wananishukuru kwa kutochungulia."

Mtu mmoja nyuma kabisa alicheka, akajiziba mdomo.

"Mwanamke!" Mwenye Mihuri alikuwa amepata sauti yake. "Unajua umefanya nini? Umelialika balaa juu ya mji huu!"

"Balaa halingoji mwaliko, mzee wangu." Siwema alimgeukia kabisa. "Nilikuwa na kaka. Kwa kaka yangu hakuna aliyechuria. Tulinyamaza vizuri mno. Hatukuuliza, hatukusoma, tukasema hewala, tukatundika kalenda ukutani, na akaanguka vilevile. Kunyamaza kwangu hakukumshika mkono. Kulinifanya tu nisiwe na cha kuwapa watoto wake, basi. Nyinyi mnasema mimi ni mchuro? Mchuro ni huyu," akaipiga ile karatasi kwa mgongo wa mwiko, "anayejua kwamba fundi wa mnara atakuwa juu, akaandika ardhini!"

"Ivae, na Baraza litalisamehe kosa lako," alisema Mwenye Mihuri. "Vinginevyo adhuhuri uwe umetoka."

"Siivai. Na hapandi mtu wangu."

Siwema hakuthubutu kumtazama Makata. Alisikia nyuma yake mlio wa mrunda unaoburutwa, akageuka, akamkuta mtoto wa kaka yake amekwisha kutwaa wa kwanza begani.

"Jamani, fungasheni," Makata aliwaambia wenzake. Alipompita shangazi yake akapunguza mwendo. "Miguu miwili ardhini, ati! Mimi?"

Wakatoka, watu kumi na mmoja na mirunda yao, na hakuna aliyewapigia kelele. Bi Ngoja aliwafuata kuwasindikiza. Langoni askari aliwasimamisha kwa desturi.

"Umefunikwa?"

"Sijafunikwa," alisema Siwema. "Na wewe?"

"Nimefunikwa."

"Kwa lipi?"

Askari akalitazama bomba lililokuwa shingoni mwake miaka yote hiyo. Na hapo, kutoka mjini nyuma yao, ukasikika mlio mdogo kama wa karanga inayobanjwa. Ukafuata mwingine. Kisha ikawa mitaa mizima, ta, ta, ta, na askari akageuka ukutani ili mgeni asimwone anavyohangaika na lakiri yake mwenyewe.

Hawajaondoka hapo, akaja Bwana Tulizo anakimbia, kofia hana, jasho linamtiririka, mkononi karatasi moja tupu na kalamu.

"Mama, nisubiri! Wamejaa dukani, wote wameshika zao, wananiuliza mimi! Miaka ishirini na miwili ninauza, sijui niwajibu nini." Akashika magoti apumue. "Yangu nimeifungua sasa hivi."

"Inasemaje?"

"Duka limekingwa. Mizani imekingwa. Mapazia yamekingwa." Sauti yake laini ilikatika. "Mimi simo, mama. Mke wangu hayumo. Simo."

Siwema alikuwa na maneno makali tayari kwa ajili ya mtu huyu, lakini neno lile lilikuwa lake pia. Alishusha mkoba. "Kaa hapo juu ya mirunda," alisema. "Andika ninavyokwambia, na usipoelewa uniulize. Kuuliza si kosa tena, au bado?"

Wakaandika. Kwanza Siwema alitaka yaandikwe yasiyokingwa, tena kwa herufi kubwa, juu kabisa. Tulizo alishangaa.

"Nikiyajua nitajikinga nayo mwenyewe," Siwema alimwambia. "Nitanunua kamba mpya. Nitamfunga mtu mkanda. Usiponiambia nitalala usingizi, na hapo ndipo unaponiua."

Kisha yakafuata yanayokingwa: mpita njia akipita, ukuta wa jirani, zana zikiwa mikononi mwa wenye kuzitumia, kosa la mchoro likionekana hata baada ya mnara kusimama. Kisha majina kumi. Alipofika kwa Makata, Siwema aliinama juu ya bega la Tulizo na kumtajia neno kwa neno: Makata bin Kitwana, akiwa ardhini, akiwa jukwaani, akiwa njiani kupanda, akiwa njiani kushuka, kwa hiari yake au bila hiari yake.

Tulizo aliweka kalamu chini. "Hii, mama, likitokea jambo itanibidi nilipe kweli."

"Ndiyo kazi yako, baba. Hukuambiwa?"

Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Ilikuwa moja tu, na upepo ulikuwa unaichezea. Halafu akaandika jina lake chini kabisa, na mkono wake ulitulia kuliko Siwema alivyotarajia.

Mwenye Mihuri alikuja mwenyewe langoni, amebebewa bomba lake na kitabu cha sheria, akasema hati hiyo ni haramu. Kabla Siwema hajajibu, Bi Ngoja alisimama mbele yake. Mwanamke huyu alikuwa amekaa Barazani Jumatano za miaka tisa, na kitabu kile alikijua kuliko waliokiandika.

"Kifungu cha kwanza," alisema. "Mtu asivunje muhuri kabla ya balaa. Hii ina muhuri?"

Mwenye Mihuri aliigeuza karatasi huku na huku. "Haina."

"Basi kavunja nini? Kifungu cha pili, mjenzi awe na hati. Anayo. Kifungu cha tatu, jambo lisilomo kitabuni lisizuiwe mpaka Baraza lilijadili. Nendeni mkalijadili."

Mzee aliona ni kweli kwamba jambo hilo linastahili kujadiliwa kwa kina. Akarudi Barazani, na nimeambiwa kwamba kamati ya kuchunguza maana ya hati isiyo na muhuri inakutana mpaka leo. Mirunda nayo ilirudishwa uwanjani alasiri ileile.

Kesho yake asubuhi mji mzima ulikuwepo, na chini ya dirisha kubwa la Baraza jukwaa la kwanza lilikuwa limesimama. Makata alikaza mkanda wake mpya kiunoni, akaivuta kamba mara mbili, akaweka mguu kwenye mrunda. Mafundi wengine, kwa mazoea, walisogea kando ili Siwema apate mchanga wa kutazama.

Siwema hakutazama mchanga. Alisimama wima, kichwa kimeinuka, na macho aliyaacha yaende na mtoto wa kaka yake hatua kwa hatua. Aliogopa. Hakuna karatasi inayoweza kuondoa woga huo, naye hakuwa ametaka iuondoe. Machozi yalimtoka mbele za watu na hakuyafuta, kwa kuwa kuyafuta kungemfanya akose hatua moja.

"Tumefika!" Makata aliita kutoka juu. Kisha akatazama chini, akaona uso umeinuliwa. "Shangazi! Leo unaniona?"

"Nakuona!"

Hapo Bi Ngoja alitoka katikati ya watu, akaenda mpaka chini ya dirisha la Baraza, mahali wajumbe walipokuwa wamebanana wakichungulia. Shingo yake ilikuwa tupu kama siku zote. Mkono mmoja alikuwa ameunyosha kumwonyesha Makata.

"Mnamwona yule aliye juu?" alisema, na hakuhitaji kupiga kelele. "Huyo ni mfanyakazi. Akishuka hapa chini, ni mfanyakazi. Na hapo katikati, waheshimiwa, hapo hewani mlipomwacha mume wangu miaka tisa, ni mfanyakazi vilevile. Jumatano nakuja. Muwe mmeshaandika."